Hesabu ya Kroshe na Kelele za Goma

Aliyesema kroshe inatuliza roho hakuwahi kuhesabu mashono Goma. Umekaa vizuri kwenye kiti, ndoano mkono wa kuume, uzi umepita juu ya kidole cha shahada cha kushoto na kuzunguka kidole cha mwisho mara moja ili usikimbie, unaanza: 45, 46, 47... "Sambazaaa! Sambaza mubichi!" Hesabu imekwenda na beseni la sambaza, vile visamaki vya ziwani. Unarudi mwanzo. Ukifika 32, mtoto wa jirani yuko mlangoni: "Hodi! Mama anaomba mumuazime bidoni ya maji." Unampa bidoni. Sasa ilikuwa 32 au 33? Hilo shono 1, ndugu yangu, ndilo litakalokuja kukucheka mbele ya watu.

Maana watu wanadhani kroshe ni kazi ya mikono. Mikono inajifunza kwa siku mbili. Shono fupi lina nini? Ingiza ndoano, vuta uzi, una vitanzi viwili, vuta uzi upite ndani ya vyote viwili, kwisha. Bridi nayo: zungusha uzi kwenye ndoano kwanza, ingiza, vuta, sasa vitanzi ni vitatu, pitisha kwenye viwili, pitisha tena kwenye viwili. Kuku angeweza, kama angekuwa na kidole gumba. Kinachoshinda watu ni hesabu, ile ile tuliyoikimbia shuleni. Kumbe ilipita njia ya mkato ikatungojea kwenye kitambaa.

Angalia ujanja wake. Umefuma mnyororo, vile vi-V vilivyofuatana. Kitanzi kilichoko juu ya ndoano hakihesabiwi. Fundo la mwanzo halihesabiwi. Anayejifunza anavihesabu vyote viwili, anatangaza kwa sauti kwamba ana 32, kumbe ana 30. Na kama unataka bridi 30, mnyororo uwe wa 32 kweli kweli, halafu bridi ya kwanza uichome kwenye kimnyororo cha 4 kutoka kwenye ndoano, kwa sababu vile 3 ulivyoviruka vinahesabiwa bridi 1. Vitatu kwa moja! Hata wabadilisha fedha wa mtaa wa Birere hawana kiwango cha namna hiyo. Kwenye mashono mafupi unapogeuka unapanda kimnyororo 1, na hicho kwa kawaida hakihesabiwi kabisa. Cha kati, nusu-bridi, unapanda 2. Hapo wengine wanahesabu, wengine hawahesabu, na wote wanaapa.

Tena usikaze huo mnyororo kama unafunga mbuzi. Ukikazwa, ukingo wa chini unavutika, kitambaa kinapinda kama ndizi, na hakuna pasi itakayokinyoosha. Mnyororo ufume kwa ndoano iliyo kubwa kidogo kuliko ya kazi yenyewe, kama kazi ni ya milimita 4.5 chukua 5, kisha rudi kwenye yako.

Sasa tuje kwenye skafu. Mwisho wa kila mstari kuna zile ngazi tatu, vimnyororo 3, ulizopandia mstari uliopita. Zimejikunja pembeni kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka. Usipochoma ndoano kileleni pake, kwenye kimnyororo cha tatu, umepoteza bridi 1. Mstari unaofuata, 1 tena. Ulianza na 30, mistari 12 baadaye una 18, na mistari 12 ya bridi kwa uzi wa kawaida ni kama sentimita 15 tu. Skafu ya baba inaanza na upana wa kifua, inaisha na upana wa tai. Kuna na ugonjwa wa upande wa pili: zile ngazi tatu ni bridi ya kwanza tayari, kwa hiyo shono lililo chini yake unaliruka. Ukilichoma, unaongeza 1 kila mstari, na skafu inafunguka kama mwavuli. Wapo mabingwa wanaofanya makosa yote mawili kwa pamoja, wanaongeza mwanzoni wanapoteza mwishoni. Hesabu inatoka 30 kamili, lakini kingo za kitambaa zinayumba huku na huku kama motari, dereva wa pikipiki, anayekata kona.

Dawa ni pini. Pini ya kawaida ya kufungia nepi, au kipande cha uzi wa rangi nyingine, unakichomeka kwenye shono la kwanza na la mwisho la mstari. Na unahesabu kila mstari unapoisha, si baada ya mistari kumi. Ukiacha mpaka kumi utafumua kumi. Utakuwa unafumua, umeme unakatika, na ulichagua uzi mweusi kwa sababu mtu alikuambia mweusi hauonyeshi uchafu. Kweli hauonyeshi uchafu. Hauonyeshi na mashono. Hata kwa tochi ya simu, uzi mweusi usiku unafumwa kwa kupapasa na sala. Anayejifunza achukue rangi ya maziwa au manjano, uzi laini usio na manyoya, wa unene wa kati, ndoano ya milimita 5, ajionee V zake juu ya mstari na kuchoma chini ya nyuzi zake mbili. Ukichoma chini ya moja tu utaona mfereji unajichora kwenye kitambaa. Wengine wanaufanya kwa makusudi, wewe utasema nawe ni makusudi.

Basi unasema: ngoja nitazame video. Unanunua mega za intaneti, mega zinakwisha mama wa video akiwa bado anaonyesha kucha zake. Zikibaki, unakuta ugomvi wa majina. Shono fupi, Wamarekani wanaliita "moja". Waingereza, shono lile lile, ndoano ile ile, wanaliita "mbili". Bridi kwa Mmarekani ni "mbili", kwa Mwingereza ni "tatu". Yaani walivuka bahari wakapotezana kwa shono zima! Sisi tuliopata majina kwa Wafaransa tunasema bridi, tunakaa kimya, hatuna kesi na mtu. Lakini ukisoma maelezo ya London kwa macho ya Chicago, kila palipotakiwa shono fupi unaweka bridi, na boneti ya mtoto, yaani kofia yake, inakuwa kapu la viazi. Ujanja ni huu: Waingereza hawana "moja" kabisa. Ukiona "moja" popote kwenye maelezo, hayo ni ya Marekani. Usipoiona, tia shaka kabla hujatia ndoano.

Uzi wenyewe sasa. Unakwenda soko la Virunga, unakuta mabunda yamevuliwa vikaratasi, na kwenye kile kikaratasi ndipo palipoandikwa namba ya lundo la rangi. Wekundu wa lundo hili si wekundu wa lundo lile. Ndani ya duka yanafanana, juani yanakanana. Blanketi ya mtoto ya sentimita 80 kwa 80, kwa ndoano ya 5, inakula gramu 350 mpaka 400, yaani mabunda 7 au 8 ya gramu 50. Nunua 9, siku ile ile, sehemu ile ile. Ukirudi wiki ijayo kutafuta la mwisho, blanketi itakuwa na kiraka ambacho utakieleza mpaka mtoto aoe.

Ukimuuliza muuzaji kama uzi ni pamba au akriliki, anajibu: "Ni mzuri sana, mama." Mpe noti ya dola 5 sasa! Anageuka daktari. Anaiinua juani, anaipapasa, anaikunjua kona kwa ukucha, anakuta imechanika milimita 2, anakurudishia kwa ncha za vidole kama ina upele. Macho hayo yote ya kukagua karatasi, na uzi anaouza hajui umetoka kwa kondoo au kwa petroli! Kata uzi kidogo, kauwashe nje, mbali na duka la watu. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Hilo si jambo dogo, maana sufu ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua inajikaza, triko, yaani sweta, ya baba inakuwa ya mtoto wa kwanza. Akriliki inavumilia kufuliwa, lakini ukiigusa na pasi ya moto inalala chali na haiamki tena.

Na namba zao! Ndoano, milimita zikipanda nayo inanenepa, sawa, tumeelewa. Namba imechongwa pale bapa kidole gumba kinapokaa. Uzi wa pamba wa vitambaa vya meza nao namba ikipanda unakonda. Namba 10 ni mnene kuliko namba 20. Huo wa 10 unataka ndoano ya chuma ya milimita 1.5 hivi, ncha kama jino la sambaza, na macho ya kijana.

Kwenye duara ndiko hesabu inakovua viatu. Mashono mafupi: unaanza na 6, na kila mzunguko unaongeza 6. Yaani 6, 12, 18, 24, 30, 36. Mzunguko wa pili, mawili ndani ya kila shono. Wa tatu, moja peke yake, mawili pamoja, hivyo mpaka mwisho. Wa nne, moja, moja, mawili. Kwa bridi unaanza na 12 na kuongeza 12. Ukisahau kuongeza, duara linajikunja kuwa bakuli. Ukiongeza kupita kiasi linafanya mawimbi kama kabichi la Kibumba. Na kwa kuwa mzunguko hauna mwanzo wala mwisho unaoonekana, pini inakaa kwenye shono la kwanza na kuhamishwa kila duru. Pini ikidondoka, hakuna anayejua uko wapi.

Boneti ya mtoto mchanga ni duara hilo hilo. Kichwa chake ni kama sentimita 35 kuzunguka. Punguza 2 kwa kuwa kitambaa kinavutika, bakia na 33, gawanya kwa 3.14. Ndiyo, ile ile ya mwalimu wa hesabu, ambaye tulimuuliza itatufaa wapi. Inatoka 10.5. Duara likifika sentimita 10.5 upana, acha kuongeza, shuka wima mpaka urefu kutoka utosini uwe 13 au 14. Gramu 30 au 40 za uzi, saa 2 au 3 kwa mkono uliozoea. Mteja anaishika, anaigeuza ndani nje, anasema: "Si ni uzi tu, mama? Nipunguzie." Mwambie kwamba triko za dukani zina mashine yake, lakini viwandani bado hakuna inayotoa kroshe ya kweli, atakujibu kwamba ya dukani ni rahisi. Ayalandi, wakati wa ile njaa ya viazi ya miaka ya 1840, wanawake walifuma lesi za kroshe zikauzwa kwa matajiri, familia zikala. Hapa viazi tunavyo. Matajiri ndio wameadimika.

Halafu kuna huu wazimu wetu wa kitambaa cheupe katika mji uliojengwa juu ya lava! Vumbi la Goma ni jeusi, volkano haikutuficha. Unaweka cheupe juu ya televisheni Jumatatu, Ijumaa ni cha kijivu. Kiloweke nusu saa katika maji ya uvuguvugu na sabuni, usikikamue, kibonyeze ndani ya taulo, kisha kitandaze juu ya godoro na kukichoma pini kuzunguka. Ukikianika kwenye kamba kikiwa kimelowa, uzito wa maji unakirefusha kama ulimi. Kitie wanga: kijiko kikubwa cha wanga wa muhogo koroga katika maji baridi kidogo, mimina kikombe cha maji yanayochemka huku unakoroga mpaka uji ung'ae, ukipoa chovya. Wanaotumia sukari wanasifu kwamba kinasimama kama sahani. Kinasimama, kweli. Na sisimizi wanasimama foleni.

Vitambaa vikikauka vinagawiwa: juu ya redio, juu ya meza, juu ya migongo ya viti, mpaka friji nayo imevaa. Mgeni anakaa kwa woga. Na hapa ndipo utajua kama fundi alikuwa na haraka, maana kroshe haifumuki popote isipokuwa kwenye kitanzi cha mwisho. Fundi mwenye akili anakata uzi na kuacha sentimita 15, anaupitisha ndani ya kitanzi na kukikaza, kisha kwa sindano butu anauzamisha ndani ya mashono, kwenda, kurudi, na kwenda tena. Mwenye haraka anaacha 2, anazibana kwa kidole, anasema zitashika.

Mgeni anashukuru kwa chai, anainuka, kifungo cha koti lake kimenasa kale kamkia ka sentimita 2. Hakuna anayeona. "Asante, papa, salimia nyumbani." Anapanda pikipiki. Kitambaa cha sentimita 25, uzi namba 10, kina kama gramu 20, na gramu 20 za uzi huo ni mita 100 na kidogo. Motari anapokata kona, kwenye kiti kimebaki kile kishimo cha katikati na mashono 6 ya mwanzo, na mama wa nyumba kwa mara ya kwanza leo ameyahesabu bila mtu kumkatiza.