Boila si jiko la gesi

Makala kuhusu treni za mvuke imeieleza vizuri safari ya Tywyn hadi Nant Gwernol kwenye reli ya Talyllyn, Wales, ile ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea, mwaka 1951. Ila hapo iliposema kuwa wahudumu wa treni "wanawasha moto na kuondoka", hapana.

Kwanza hutazamwa kioo cha maji, kinachoonyesha kiwango cha maji ndani ya boila. Maji yasipoonekana, hakuna kuwasha. Kisha moto mdogo wa kuni na vitambaa vyenye mafuta, makaa yanafuata kidogo kidogo. Hata kichwa kidogo cha treni kama vyao huhitaji saa tatu au nne kupata mvuke wa kutosha. Ukiharakisha, shaba na chuma hutanuka kwa viwango tofauti, mabomba ya moshi yakaanza kuvuja kwenye maungio. Muda huo si wa bure: kuna beringi za kutiwa oili na majivu ya jana ya kuzolewa (kazi ambayo haipigwi picha).

Hatari kubwa ni maji kushuka chini ya dari ya chumba cha moto. Shaba hulainika, mvuke ukaisukuma ndani. Ndiyo maana huwekwa injekta mbili (vifaa vya kusukumia maji ndani ya boila), na plagi yenye risasi, ile metali laini, inayoyeyuka na kumwaga mvuke motoni kama onyo. Injekta ikigoma, mara nyingi maji ya tenki yamepata joto mno, au bomba la kunyonya linavuta hewa.

Na wanaolalamikia nauli: kwa desturi ya Uingereza, kila miaka 10 hivi boila huvuliwa yote na kukaguliwa upya. Mafundi wengine hujitolea, shaba hununuliwa.