Mkwaju ambaye Dodoma hatukumsikia

Likizo ya Desemba 1994, binamu zangu wawili walikuja kwetu Dodoma kutoka Morogoro. Jioni moja tumekaa barazani, akapita dereva wa lori mwenye nyumba mtaa wa pili na, kwa minong'ono ya watu wazima, nyumba nyingine kila mji lori lake linapolala. Binamu zangu wakatazamana. Mmoja akasema, "Mkwaju huyo!" Wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Sisi wenyeji tukaangaza macho kuutafuta mti. Kwetu mkwaju ni mti, na tunda lake tunalitia kwenye uji. Hata mama, aliyekuwa kando akichambua mlenda, aliuliza, "Mkwaju gani tena?"

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, kwenye ukurasa mmoja niliousoma. Mkwaju alikuwa dereva wa lori katika Twende na Wakati, mchezo wa kuigiza ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam Julai 1993, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Ni mwanamume wa wanawake wengi njiani, na mwisho wake ni UKIMWI. Mkewe, Tunu, alimwacha akajitegemea. Karibu nchi nzima iliwafahamu watu hawa kama majirani. Dodoma hatukuwafahamu, kwa sababu mtambo wetu ulikuwa ukirusha kipindi kingine saa hiyo. Haikuwa hitilafu. Ilipangwa hivyo hadi 1995, ili watafiti, akiwemo Everett Rogers wa Marekani, walinganishe waliosikia na wasiosikia. Sisi tulikuwa wasiosikia.

Nilisoma ukurasa ule nikaanza upya mara mbili. Ile ilikuwa miaka ambayo msiba wa kijana ulikuwa hauulizwi sababu. Mtu "ameugua muda mrefu", basi, mnachimba, mnazika, mnarudi. Nikawaza, kumbe mkoa mzima tuliwekwa kando ili tuwe kipimo cha wenzetu. Sijamaliza kulisamehe hilo. Lakini pia najua kwamba bila kulinganisha namna ile tusingekuwa na la kuwajibu wanaosema redio ni maneno ya hewani. Asilimia 82 ya wasikilizaji waliohojiwa walisema kipindi kile kiliwafanya wabadili mwenendo ili wajikinge na virusi. Ukiishia hapo, mtu atakwambia hao wamemjibu mgeni anachotaka kusikia, na ana haki ya kusema hivyo. Ila uzazi wa mpango, ambao nao ulikuwa mada ya mchezo ule, uliongezeka kwa wenzetu ilhali Dodoma haukupanda. Mchezo ulipoletwa kwetu baada ya 1995, na kwetu ukaanza kupanda.

Sasa turudi barazani, maana kwangu jambo lote liko pale. Binamu zangu walikuwa na kitu gani ambacho sisi hatukuwa nacho? Kuhusu yule dereva tulijua yote wanayojua wao, tena zaidi. Kuhusu ugonjwa tulijua pia. Zahanati ilikuwa na mabango. Walichokuwa nacho ni jina. Morogoro ukisema "Mkwaju" sokoni, muuza nyanya anaelewa, mteja wake anaelewa, na dereva mwenyewe anaelewa kwamba wote wameelewa. Kwetu kila mtu, peke yake, aliijua siri ya dereva na kudhani wengine hawaioni vibaya, ndiyo maana wamenyamaza.

Hapo ndipo ninapoona nguvu ya vyombo vya habari, na ndipo ninapotofautiana na wengi. Tumezoea kusema redio na televisheni "zinatupandikizia" mawazo, kama mtu anayefungua fuvu na kuweka mbegu. Naona kazi yake kubwa ni nyingine: zinatuambia majirani zetu wanawaza nini. Na binadamu ataishi hata na imani asiyoiafiki moyoni, mradi awe amesadiki kwamba kila mtu anaifuata.

Mwezi uleule, Julai 1993, redio nyingine ilianza kurusha matangazo nchini Rwanda: RTLM. Sijui kama kuna mwezi mwingine katika historia ya redio kwenye eneo letu uliobeba mazuri na maovu kwa pamoja namna ile. RTLM haikuanza kwa kupiga kelele za vita. Ilipendwa kwa muziki wa Zaire, watangazaji wachangamfu, utani, na wasikilizaji waliopiga simu wakasikika hewani. Ilikuwa redio ya kijana wa mjini. Katikati ya utani huo jirani Mtutsi akaanza kuitwa mende, na mtangazaji hakubadili sauti. Kuanzia Aprili 1994, mauaji ya kimbari ya Watutsi yalipoanza, redio ile ilitaja watu kwa majina na mahali walipo, na kwenye vizuizi vya barabarani vijana walisimama panga mkono mmoja, redio ndogo mkono wa pili.

Wapo wasomi wanaosema redio ile haikuwa chanzo kikuu, kwamba wengi waliingia katika mauaji kwa kusukumwa na viongozi wa mtaa na majirani waliokuja kuwagongea mlango. Nawaelewa, wala halipingani na ninachosema. Aliyegongewa mlango alikuwa ameshasikia kwa miezi tisa kwamba ndivyo kila mtu anavyofikiri. Alimpinga nani, na nani angemuunga mkono? Desemba 2003, hapo Arusha kwetu, mahakama ya kimataifa ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mwanahistoria aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM. Rufani ikampunguzia adhabu kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 30. Huyu hakushika panga.

Rwanda hiyohiyo imetupa na ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, wa vijiji viwili vya milimani vinavyohasimiana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alivifuatilia kwa mwaka mzima vikundi vilivyousikiliza, akavilinganisha na vilivyosikiliza mchezo wa afya. Alichokuta kimenifundisha kuliko hotuba zote za semina. Imani binafsi za watu hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona mambo ya kawaida kwa watu wao: kuoana nje ya kabila, kuaminiana, kusema unapopinga. Mwishoni kila kikundi kilipewa redio kaseti moja na kanda za kutumia pamoja, kiamue chenyewe zitunzwe vipi. Vikundi vya mchezo wa afya vilielekea kukubali haraka kwamba akabidhiwe kiongozi. Vya Musekeweya vilibishana, kwa nini yeye, kwa nini tusitunze wenyewe kwa zamu? Katika nchi ambayo miaka kumi tu nyuma utii ulikuwa umeua, ubishi ule juu ya redio kaseti si jambo dogo.

Angalia pia kwamba walisikiliza pamoja. Na sisi tuliwahi kulijua hilo. Mtu ni Afya ya 1973 ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi mbele ya redio, wiki kwa wiki, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Aliyechimba alimwona mwenzake naye anachimba. Leo kila mmoja ana simu yake masikioni, lakini bado tunachungulia mwenzetu anasemaje. Ninao ndugu ambao hawafungui habari yenyewe. Wanateremka moja kwa moja kwenye maoni ya watu, wakitoka huko wameshajua cha kuamini.

Kwa hiyo mtangazaji anaponiambia "sisi tunaburudisha tu, wasikilizaji wana akili zao," simkubalii. Akili wanazo. Lakini akili hiyo inamtazama yeye ili ijue kinachokubalika ni kipi, na hasa inasikiliza anachekea nini. Lawama watu watazichuja, na mahubiri watayapinga. Kicheko kinapita mlango wazi. Ningependa kila anayeshika kipaza sauti asubuhi alijue hili kama dereva anavyojua breki zake. Asiye tayari aachie wengine kiti.

Nasema haya kwa sababu ya daladala. Mwezi uliopita, nikitoka Kariakoo kwenda Mbagala, gari limejaa, redio juu. Mwanamke kapiga simu kwenye kipindi, anasema mumewe anampiga akichelewa kurudi sokoni, afanyeje. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa, hakubabaika. Mtangazaji akasema, "Sasa dada, na wewe si uwahi?" Studio nzima ikaangua kicheko, halafu ikaja ile milio ya kuchekesha wanayoibonyeza. Daladala ikacheka. Na mimi nilicheka, kabla sijajua ninacheka nini, na aibu ya kicheko kile ninayo hadi ninapoandika hapa.

Mbele yangu, dirishani, alikaa dada mmoja na beseni tupu la samaki mapajani. Alitabasamu wengine walipocheka, kisha akageuka nje na kuvuta mtandio mpaka chini ya kiwiko. Aliposhuka Mtoni kwa Azizi Ali, konda alimpokea beseni, akamwekea chini kwa adabu, akamwambia, "Wahi nyumbani, dada," na abiria wa mlangoni wakacheka tena.