Kioo cha Baba Glory

Mimi ni fundi umeme wa magari, na karakana yangu ina magurudumu mawili. Ni tela ninalolikokota na pikapu. Ukikwama Kisongo, Makuyuni, hata Mto wa Mbu, piga simu, nakufuata na meza yangu nyuma. Meza yenyewe kwa miaka ilikuwa ubao wa mninga, ulionyweshwa mafuta machafu ya injini hadi ukalainika kama andazi la juzi. Ukiweka nati, kesho unaichokoa kwa bisibisi.

Ndipo nikapata shiti la alumini, milimita 3, futi 8 kwa 4, mabaki ya gereji moja hapa Arusha inayounda bodi za magari ya utalii. Mimi na chalii wangu wa kazi tulilibeba bila kutoa jasho, maana lilikuwa kilo 24 hivi. La chuma la ukubwa huohuo linafika 70. Tukalikata, tukalikunja kingo, tukalipiga riveti. Asubuhi moja, kazi kwisha.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mikwaruzo ilikuwepo, sawa, lakini hiyo ni meza ya spana, si kabati la vyombo sebuleni. Mimi nikasema hapana, fundi anajulikana kwa meza yake.

Nikaanza na msasa namba 120, nikaenda 240, 400, 800, mpaka 1200 kwa maji. Kama hujawahi kusugua alumini, usiombe. Ni laini, inaziba msasa kila dakika, na inatoa uji mweusi unaoingia kwenye kucha na kukaa humo hadi Pasaka. Siku tatu! Siku ya nne nikamalizia kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia, na nilipoinama nikahesabu kope zangu.

"Baba Glory, hiyo ni meza au saluni?" mke wangu akauliza.

Nikaona ni wivu. Kesho yake nikamkuta chalii ameinamia meza ananyoa ndevu. Keshokutwa yake jogoo wa jirani alipanda kwenye tela, akamkuta jogoo mwenzake humo ndani, wakapigana nusu saa. Hakuna aliyeshinda, ila mmoja wao alijisaidia juu ya meza, na ninamjua ni yupi.

Kazi ya kwanza ya meza mpya ilikuwa Kisongo, saa sita mchana, gari la utalii limekufa altaneta, ile mashine inayochaji betri. Nikaifungua altaneta nibadilishe brashi. Jua lilikuwa utosini, na jua jingine likanitokea mezani. Nilifanya kazi kwa kupapasa, machozi yananitoka kama niko msibani. Skrubu ndogo ikanidondoka. Nikaziona mbili. Niliyoikimbilia kuishika ilikuwa ile ya kwenye kioo. Ya kweli ikabiringika hadi kwenye vumbi, tukaitafuta sisi na watalii wote. Dereva kwa huruma akanivulia miwani yake ya jua. Jioni nikagundua nimeiva chini ya kidevu, mahali ambapo jua halikuwahi kunifikia tangu nizaliwe.

Nikaamua mng'aro ule ufe. Kwa msasa? Siku tatu nyingine? Hapo nikakumbuka kostiki.

Mama Glory anatengeneza sabuni za miche, kostiki haikosekani nyumbani. Na mimi kemia ya kidato cha tatu sikuikimbia: kostiki inakula alumini, inatoa gesi ya haidrojeni, inaacha uso uliofifia. Nilijua yote hayo. Ndilo linaloniuma hadi leo. Jioni mke wangu alipokwenda kwenye kikao cha kikundi, nikavaa glovu za mpira na miwani, nikamkataza chalii kuwasha sigara, nikatafuta chombo. Ndoo ya plastiki ya mke wangu ilikuwa na nguo zimelowekwa. Nikachukua sufuria.

Sufuria kubwa lile, la kupikia wali wa sherehe, lenye herufi nyekundu za kikundi ubavuni. Nikatia maji, nikatia kostiki bila kuipima, nikaliacha uani na kwenda kuisugua meza itoke grisi na kumbukumbu za jogoo. Nyuma yangu nikasikia linachemka. Sikushtuka, kostiki ikiingia majini huwa inayapasha moto yenyewe. Likazidi. Povu likapanda, mvuke ukanipiga koo.

Chalii akalitazama kwa muda. "Bosi, kwani hili sufuria si aluminiamu?"

Sikumjibu. Nililikimbilia, nikaimwaga ile dawa mezani, walau ifanye kazi niliyoiitia. Meza nayo ikachemka, ikawa nyeusi tii. Tukaiosha kwa maji ndoo baada ya ndoo, nikaisugua kwa ndimu na stilwaya, weusi ukatoka. Na chini yake, jamani! Uso wa kijivu, mtulivu, hauna doa. Nikaweka skrubu, nikaiona moja.

Furaha ilidumu hadi geti lilipogonga. Mama Glory, mwenyekiti wa kikundi, na mama mwingine amebeba kanga ya kufungia vyombo. Jumamosi kulikuwa na sendofu.

"Baba Glory, sufuria la kikundi liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

Chalii, Mungu amsamehe, akalinyanyua juu. Limepika harusi nyingi, kitako kilikuwa kimechoka, na palipokuwa pembamba kostiki ilikuwa imepita. Taa ya jirani ikatuangalia kupitia matundu matatu. Herufi nyekundu nazo zilikuwa zimebanduka, kwa hiyo nikajaribu kidogo kusema huenda si lenyewe.

"Shemeji," mwenyekiti akasema kwa upole wa kutisha, "hili sasa ni la wali au la kumwagilia bustani?"

Kesi haikuchukua dakika kumi. Sufuria jipya, ukubwa uleule, kabla ya Ijumaa. Na Jumamosi tela libebe vyombo, bure, na mafuta ni yangu.

Jumamosi nikapeleka. Wakashusha vyombo, wakaitazama meza, mmoja akaipitisha kiganja. Wakaiosha kwa sabuni ya Mama Glory, wakatandika nailoni, na kufika saa nne nilikuwa sina hata pa kuweka spana: vitunguu huku, karoti kule, ndizi katikati. Baba mmoja mgeni akaja, akainama kuangalia kingo nilizokunja.

"Fundi, meza kama hii unaikodisha?"

Nikafungua mdomo.

"Elfu thelathini kwa siku," Mama Glory akajibu kutoka kwenye vitunguu, "na sufuria uje na lako."