Msiba usio na matanga

Mimi ni mshauri nasaha, na kuna mama hunijia kila Alhamisi. Kila mwisho wa mwezi simu yake huingia ujumbe: umepokea shilingi 50,000, halafu jina la mwanawe wa kwanza, majina yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Huu ni mwaka wa nne na hawana salamu nyingine. Akimpigia, simu inaita mpaka inakata. Siku hiyo hela haendi kuitoa. Anaufungua ule ujumbe, analisoma jina, anaufunga. "Angalau najua yu hai," aliniambia. (Nimebadilisha mambo ya hapa na pale asitambulike.)

Nikiwaambia watu kwamba wateja wangu wengi ni wazazi na watoto wazima wasiosemeshana, swali linalofuata nalijua: umeshapatanisha wangapi? Utadhani mimi ni mshenga. Sasa niseme wazi: kupatanisha si kazi yangu ya kwanza, na sisi washauri nasaha tunaolikimbilia hilo tunaumiza watu.

Nalisema kwa kuwa nimewahi kuumiza. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, alinijia binti aliyekata mguu nyumbani kwao kwa sababu ya kipigo cha utotoni ambacho mpaka leo kwao hakitajwi. Kikao cha tatu tu nikamshawishi tumwite baba. Baba akaja, tena akaja na wazee wawili. Dakika kumi hazijaisha, chumba changu kimegeuka baraza na binti ndiye mshtakiwa. Mzee mmoja akamwambia apige magoti aombe radhi. Alipiga. Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka, na sijamwona tena. Baba alinishukuru sana siku ile. Shukrani ile inanisumbua hadi leo.

Neno lenyewe ni radhi. Mteja wa kwetu haogopi upweke peke yake, anaogopa laana. Gari likiharibika, mimba ikitoka, biashara ikiyumba, moyoni anajiambia ni machozi ya mama. Mshauri aliyesomea vitabu vya Marekani huona haya kuligusa jambo hili, akalipita kana kwamba ni ushirikina. Mimi naliweka mezani. Namuuliza mteja: wewe unaamini nini hasa kuhusu radhi, na nani alikufundisha? Mwislamu tunakumbushana kwamba katika Sura Luqman wazazi wakimshurutisha mtu kumshirikisha Mungu, haamriwi kuwatii, na bado ameambiwa akae nao kwa wema duniani. Mkristo anaikariri "waheshimu baba yako na mama yako" bila kukosea, ila mistari michache tu mbele katika Waefeso 6, pale akina baba wanapoambiwa wasiwachokoze watoto wao, wengi hawajawahi kuisikia ikihubiriwa. Sifanyi hivyo ili kumpa mtu ruhusa ya kuondoka. Nataka aone kwamba kati ya kutii kila kitu na kukata kila kitu pana nafasi pana.

Upande wa pili kuna hawa wanaofika na neno walilookota mtandaoni: mama yangu ni toksiki, yaani ni sumu kwangu. Silibezi, wapo wazazi ambao kukaa nao mbali ni usalama wa roho. Lakini namwomba anisimulie siku moja tu, ilianzaje, nani alisema nini. Mara nyingine kinachotoka ni ukatili mtupu. Mara nyingine ni mama mjane aliyekuwa na hofu ya ada na mdomo usio na breki, na hayo ni majeraha mawili yasiyotibiwa kwa dawa moja.

Wala tusidhani ni aibu ya ukoo wetu peke yetu. Karl Pillemer, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, aliwahoji Wamarekani zaidi ya 1,300, na asilimia 27 walisema wamekata mawasiliano na ndugu fulani wa familia. Kilichonigusa kwake ni habari za waliorudiana: wengi waliacha kumdai mwenzao akubali simulizi yao ya yaliyopita. Huku kwetu kikao cha ukoo huanza na dai hilo hilo, nani alimkosea nani, mpaka saa nane usiku.

Pauline Boss, mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani aliyefanya kazi na familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam, alieleza uchungu wa kumpoteza mtu ambaye huna hakika kama amepotea. Mimi nauita msiba usio na matanga. Hakuna turubai, hakuna jirani anayeleta sukari, hakuna siku ya kuanua tanga. Yule mama bado anakwenda harusini, anaulizwa "mkubwa hajambo?", anajibu hajambo. Kwa hiyo kikao kizima tunaweza kukitumia kutafuta jibu fupi la swali hilo, jibu ambalo si uongo na halimvui nguo mbele za watu. Ni kazi ndogo, lakini ndiyo inayomwezesha kurudi harusini.

Wazee siwakatai. Nimeona mjomba mmoja mwenye busara akifanya kwa kikombe kimoja cha kahawa lile nililoshindwa kwa miezi. Ila aitwe na mteja mwenyewe, akiwa tayari, akijua pia kwamba anaweza kurudi mikono mitupu.

Mwezi uliopita nilimuuliza mama: ule ujumbe wa hela ukiingia, ungependa kuujibu nini? Alikaa muda mrefu na simu mapajani. Akaandika mistari minne kuhusu uchungu wa kuzaa, akaifuta. Akaandika "Mungu akusamehe", akaifuta, akacheka kidogo. Mwisho akaandika "Mwanangu, zimefika. Asante." Akatuma.

Hajajibiwa. Alhamisi hii tutazungumzia hilo la kutojibiwa.