Hayo Majani Mnayoyachoma

Katikati ya Januari niliondoka Kigamboni kwenda Muheza kwenye msiba, nikakaa huko siku kumi. Funguo nilimwachia mdogo wangu, nikamwomba jambo moja tu: jioni amwagilie matembele na bamia. Niliporudi nilikuta uwanja unang'aa. Kafagia kuanzia mlangoni hadi ukuta wa nyuma, mistari ya chelewa imejipanga mchangani kama ukili wa mkeka, na kwenye kona, chini ya mwembe, kuna duara jeusi la majivu. Akatoka ndani uso umejaa furaha. "Shikamoo dada, poleni na msiba. Nimekusafishia, maana nyuma huku palishakuwa pori."

Nilimshukuru, na shukrani ile ilitoka moyoni. Kijana kaamka alfajiri, viganja vimemtoka malengelenge, kafanya kila alichofundishwa kuwa ni heshima kwa dada yake. Lakini nilipoingia chumbani nililia, na haukuwa msiba peke yake. Majani aliyoyachoma nilikuwa nayakusanya tangu Septemba: ya mwembe, ya mwarobaini, maganda ya maharage, na mabua ya mahindi niliyobebewa kwenye viroba. Niliyatandaza mwenyewe, tuta kwa tuta, ili bustani ivuke kiangazi. Sasa matembele yamelala chini kama yamemwagiwa maji ya moto, na alikuwa ameyamwagilia kila jioni bila kukosa.

Kwa hiyo leo nazungumza na wote wanaochoma majani. Ni wengi. Pita mtaa wowote wa Dar asubuhi ya Jumamosi, utaona moshi unapanda kila baada ya nyumba tatu nne. Tunafagia, tunarundika, tunawasha kiberiti, kisha tunashika simu kumuuliza muuza samadi kiroba ni bei gani.

Siku ile ile nilipiga magoti nyuma ya nyumba nikaangalia. Chini ya mpapai palikuwa na sehemu moja ambayo ufagio haukufika. Nikafunua. Majani ya juu makavu, yanavunjika ukiyagusa. Ya chini yake yamelainika na kugandana kama karatasi zilizolowa. Chini zaidi jani limeliwa limebaki mishipa tu, unaona wavu mwembamba kabisa, na kati yake nyuzi nyeupe za ukungu zinatambaa. Halafu udongo wenyewe: mweusi, baridi, una ile harufu ya mvua ya kwanza, na jongoo mmoja mdogo akajikunja nilipomgusa. Nikasogea hatua mbili, palipofagiwa, nikaweka kiganja. Ule mchanga wetu mweupe wa Kigamboni saa nane mchana! Nilitoa mkono haraka. Mizizi ya mchicha na matembele inakaa humo humo, juu juu, haina pa kukimbilia.

Mchanga wa pwani haushiki kitu. Ukiumwagia ndoo, maji yanashuka na kukuacha, na yanayobaki juu yanachukuliwa na jua na upepo wa kaskazi. Kinachofanya mchanga uitwe udongo ni hicho kilichooza ndani yake, na majani ndiyo yanayooza. Ukiyachoma, naitrojeni yake inaondoka na moshi. Ni ile ile mnayoinunua dukani kwa jina la yurea. Majivu yanabaki na chokaa na potasiamu, sikatai, lakini kwenye mchanga mvua kubwa moja tu inaweza kuyashusha hadi mahali ambapo mzizi wa mchicha haufiki. Jani linaloozea mahali pake linatoa chakula kidogo kidogo, miezi na miezi, na wakati huo huo limeufunika udongo usiungue. Nani mwingine anakufanyia kazi mbili kwa wakati mmoja bila kudai ujira?

Wengi wanadhani kufunika udongo ni mambo ya kiangazi tu. Hapana. Mimi masika ndiyo yaliyonifundisha. Mwaka 2024 mvua zilitupiga kweli kweli, na mwanzoni mwa Mei, wakati Kimbunga Hidaya kinasogea upande wa kisiwa cha Mafia, nilikuwa na matuta mawili ya nyanya. Moja nilikuwa nimelitandaza majani makavu, jingine niliishiwa majani nikaliacha wazi. Nilisimama mlangoni nikitazama matone yakigonga lile tuta la wazi. Kila tone linarusha mchanga juu, unanata chini ya majani ya nyanya, na humo ndimo vimelea vya magonjwa vinapopandia. Baada ya wiki moja majani ya chini yalikuwa na madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, ule ugonjwa wa bakajani wenyewe. Uso wa tuta uliganda kama sakafu, maji yakawa yanateleza kwenda kwa jirani badala ya kuzama. Lile lenye matandazo nalo liliugua, nisiseme uongo, mvua ile ilikuwa kubwa mno. Lakini lilichelewa kuugua, na nilichuma nyanya za kutosha mchuzi wa mwezi mzima. La wazi niling'oa.

Vuli nayo. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua mji mzima ukaingia kwenye mgawo wa maji, tulikuwa tunanunua maji kwa madumu. Utamwagiliaje bustani kwa dumu la kununua huku watoto hawajaoga? Nilitumia maji niliyosuuzia mboga na vyombo, yale yasiyo na sabuni nyingi, na kwa sababu udongo ulikuwa umefunikwa nilimwagilia kila siku ya tatu. Bamia ilizaa. Mbegu za mchicha nilizificha nikisubiri mvua, maana nikiona mawingu yanapita bila kushusha kitu siwezi kuzitupa ardhini kwa kubahatisha.

Kipupwe sina la kusema. Juni na Julai bustani inajilea yenyewe.

Najua ugomvi huu si wa udongo peke yake. Ni wa malezi. Sisi tulioitwa watoto wa kike tuliamshwa gizani tushike ufagio kabla hatujanawa uso, na nyumba yenye jani uwanjani ilikuwa na msichana mvivu, basi. Mpaka leo nikiona uwanja umefagiwa vizuri, mistari imelala upande mmoja na hakuna aliyekanyaga, moyo unatulia. Sitaki mila hiyo ife. Lakini marehemu bibi yangu, ambaye ufagio ulikuwa kama kidole chake cha sita, hakuwahi kuwasha kiberiti baada ya kufagia. Alifagia mbele, barazani na uani, kisha takataka zote akazibeba kwenye ungo mbovu hadi kwenye migomba nyuma ya jiko. Kule Muheza kila nyumba ya zamani ilikuwa na migomba ya aina hiyo, minene, inayolishwa majivu ya jikoni, maganda ya mihogo na majani. Safari hii nilikwenda kuiangalia. Ipo bado. Mkungu wake wa ndizi, mkono mmoja unashindwa kuubeba.

Kwa hiyo anayesema kufagia na kuchoma ndiyo asili yetu anaisema nusu ya asili. Kufagia, ndiyo. Kuchoma kila jani kumekuja na viwanja vidogo, kuta na haraka za mjini, wakati mtu hana tena mahali paitwapo nyuma ya jiko.

Mtaniambia habari za nyoka. Nakubali, kwa shingo upande. Nyoka na nge wanapenda lundo, hasa lundo refu lililoachwa miezi bila kuguswa. Ndiyo maana sirundiki, natandaza, unene wa kiganja tu, na kuanzia mlangoni hadi wanapochezea watoto nafagia pawe peupe kama zamani. Mchwa nao wapo, kwa hiyo naacha nafasi kuzunguka shina la mpapai na la mlimao. Na masika konokono wanajificha humo wakala miche usiku. Natoka na tochi nawaokota mmoja mmoja. Mbu? Mbu anahitaji maji yaliyotuama. Dar tuliona homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana kwenye vifuu, makopo na matairi. Vifuu ondoeni hata leo. Jani kavu lililolala mchangani halina hatia hiyo.

Wanaomwaga zege uwanja mzima kisha wakalalamika nyumba ina joto, leo siwagusi.

Nilipomweleza mdogo wangu nilimpeleka pale chini ya mpapai, nikamwambia aingize mkono mwenyewe. Akaingiza. Kisha akaenda mwenyewe palipofagiwa, akaweka mkono, akanyamaza. Baadaye akaniuliza, "Sasa dada, mbona tulifundishwa shuleni kuchoma?" Na kweli, kazi za Ijumaa zilikuwa hizo: kila darasa na eneo lake, kufagia, kukusanya, kuchoma kwenye shimo. Tulipewa alama za usafi kwa kuteketeza udongo wa shule yetu, kisha tukapelekwa kwenye bustani ile ile kujifunza kilimo. Sikuwa na jibu la kumpa. Walimu wanaosoma hapa, nawasihi, lile shimo mligeuze la mboji. Kazi ni ile ile na watoto ni wale wale, kasoro kiberiti.

Masika hayo yanakuja, umebaki mwezi na kidogo, na udongo wangu uko uchi. Jirani wa upande wa barabara ana mwembe mkubwa kuliko wetu na huchoma kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimeshazungumza naye uani kwake. Amecheka, akasema, "Mama, chukua yote, unaniokolea moshi." Viroba vinne vimekunjwa hapa mlangoni, na mdogo wangu amesema yeye ndiye atakayegonga geti.