Jina Litakuja

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Nani Tanzania hajawahi kupata meseji hiyo? Tumeshaifanya utani, watu wanatumiana kwenye magrupu na kucheka. Nami nilikuwa nacheka, mpaka siku niliyotuma elfu sitini.

Fundi wa bati alikuwa ananidai. Nilimwahidi Jumamosi, ikapita. Jumatatu nayo ikapita. Jumanne asubuhi niko kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, simu ikatetemeka: ile hela tuma huku, laini yangu ina shida, jina litakuja la mama fulani. Nikasema huyu ni fundi, na huyo mama atakuwa mkewe. Kwa aibu ya kukaa na hela ya mtu sikutaka hata kumpigia. Nikaingiza namba, jina likaja, lile lile. Nikaweka PIN. Jioni fundi akanipigia: "Bosi, mbona kimya?"

Yule tapeli hakunijua hata kidogo. Hakujua kama kuna fundi wala bati. Meseji moja anairusha kwa watu wengi, na mjini hapa, hasa karibu na mwisho wa mwezi, asiyedaiwa ni nani? Kinachoniuma mpaka leo ni lile jina. Liliwekwa litokee kabla hujathibitisha, ili usitume kwa mtu mwingine. Tapeli anakutajia mapema, na ukiliona unajiona umeshahakiki. Ulichohakiki ni kwamba hela inamfikia mwizi bila kukosea njia.

Na majina yako anayapata hapo hapo. Anafanya kama anakutumia buku, majina yanatokea, anaghairi. Kisha anakupigia na kukuita kwa majina yako kamili: "Tunapiga kutoka huduma kwa wateja." Mama yangu mdogo alishawahi kutajiwa majina yake hivyo, akaona atakuwa ni mtu wa ofisini kweli, maana hata majirani wanamjua kwa jina la mwanawe tu. Kilichomwokoa ni simu kuisha chaji. Huduma kwa wateja wakikupigia hutumia namba 100. Hawakupigii kwa namba ya kawaida huku jogoo anawika nyuma.

Sasa, kuhusu PIN tumehubiriwa vya kutosha. Mbona hakuna anayehubiri kuhusu daftari la wakala? Ukienda kutoa hela unaandika jina, namba ya simu, kiasi, unasaini. Na juu ya mstari wako umeshasoma habari za wenzako kumi: huyu katoa laki tatu, namba yake hii hapa. Daftari liko wazi kwenye kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi. Juzi juzi nimenunua karanga za mia mbili. Nilipokunjua karatasi nikakuta ni kopi ya fomu ya mtu, ina namba ya NIDA na sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Muuza karanga simlaumu. Nataka kujua karatasi ile ilitokaje ofisini.

Kuna na wale vijana wa miavuli wanaosajili laini. "Mtandao unasumbua, weka tena kidole." Unaweka tena, na mara ya tatu. Unaondoka na laini moja, nyingine inabaki kwa jina lako na inaanza kazi. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na wengi tulidhani utapeli umekwisha. Kumbe tapeli alichohitaji ni kidole cha mtu mwingine. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nilikuta moja nisiyoijua, nikaenda kuikana dukani. Nilipanga foleni asubuhi nzima, lakini ikafutwa.

Hela yangu haikurudi. Nilipiga simu siku ile ile, nikaambiwa imeshatolewa. Fundi nilimlipa mara ya pili, na sikumwambia kwa nini nilichelewa. Hata nyumbani nilikaa wiki tatu bila kusema. Nilipofungua mdomo, shemeji yangu, mhasibu wa watu, akasema na yeye alishatuma "kodi ya mwenye nyumba". Mwaka mzima alikuwa nalo moyoni! Angesema mapema, labda siku ile kwenye daladala ningempigia fundi kwanza.

Meseji bado zinakuja. Nazituma 15040, namba ya kuripoti matapeli, pamoja na namba iliyoniandikia. Na kwa wakala wangu nilipeleka kipande cha boksi, nikamwomba afunike mistari ya juu mteja anapoandika. Aliniangalia kama mtu anayeringa. Wiki iliyopita nimepita, boksi bado lipo, ila limewekwa chini ya chupa ya chai.