Mlango wa chuma Langoni

Binamu yangu amejenga nyumba Langoni, mtaa mmoja wa mji wetu wa Lamu, ya matofali ya saruji na bati juu, na mbele ametia mlango wa chuma. Ami yetu alipokwenda kuitazama alisimama nje kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, huu ni mlango wa duka." Binamu akamjibu kwa adabu, "Ami, kwa bei ya mlango wa nakshi ningemaliza ukuta mzima wa nyuma." Wakaingia ndani wakanywa kahawa, wala hawakurudi tena kwenye habari ya mlango. Mimi nimekuwa nikiirudia peke yangu, kwa sababu naona kila mmoja ana haki yake, na haki hizo hazikai pamoja kwa urahisi.

Nianze na ami. Anayeona mlango wa Lamu ni pambo tu hajaisoma nyumba ya Lamu. Nyumba ya kale ya Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe, huanzia kwenye daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye baraza mbili, kulia na kushoto, ambapo wanaume hupokea watu bila kuwaingiza ndani. Ukivuka kizingiti unaingia tekani, kijiukumbi cha ndani, na hapo njia inapinda, ili mpita njia asione kitu hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, mahali pa jua na hewa, halafu misana miwili, kumbi ndefu za kukaa, na mwisho wa yote chumba kiitwacho ndani. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haipiti sana mita 3. Msitu wa mikoko ndio uliokata kipimo cha chumba, na chumba kikafunza watu namna ya kukaa. Mlango, basi, ulikuwa neno la kwanza la sentensi ndefu. Mwenye nyumba alikaa na fundi, wakazungumza mbao, mfaa (mti wa katikati ya mlango), maua ya kizingiti cha juu, na aya au jina la kuandikwa. Ukitia chuma kilichokatwa kwa kipimo cha kila mtu, mazungumzo hayo hayafanyiki. Hilo ndilo ami aliliona, naamini, ingawa alilisema kwa ukali.

Sasa upande wa binamu. Hicho tunachokiita asili kilikuwa kipya siku moja, na kingi kilikuja kwa bahari. Sahani zilizopangwa kwenye kuta za wazee wetu zilitoka China. Katika nakshi za milango, wanaojua huona mkono wa Uarabuni na wa Bara Hindi, ukiwa umechanganyika na wetu hata hautenganishiki. Leso, ambayo bibi harusi wa Lamu hawezi kukosa, ni kitambaa cha kiwandani. Mji huu haukuwahi kujifungia. Ukimwambia kijana wa leo kwamba kupokea kitu kigeni ni kupoteza Uamu, yaani Ulamu wetu, unamnyima tabia ileile iliyoujenga mji.

Na hata hoja ya wengine kwamba kazi ya kuagizwa na mgeni haina roho, historia yetu haiikubali moja kwa moja. Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mchongaji wa milango, mshairi, mwandishi wa khati na mpigaji kibangala, ala ya nyuzi. Aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi kwa mkono wake, na baadhi ya miswada hiyo iko London hadi leo. Kazi iliagizwa na wageni na ikalipwa na wageni. Nani atasema si ya Lamu?

Lakini hapa ndipo ninapokwama, na kinachonikwamisha ni zidaka.

Zidaka ni vile vishubaka vya plasta nyeupe, safu juu ya safu, vilivyofinyangwa kwa chokaa. Katika nyumba za karne ya 18 vilikaa ndani kabisa, nyuma ya daka, nyuma ya kiwanda, nyuma ya misana. Mgeni wa barazani hakuviona. Vilikuwa vya watu wa nyumba, na hasa vya wanawake. Siku moja nilimsindikiza rafiki kwenye nyumba ya wageni iliyojengwa upya katika kijiji jirani cha Shela. Kazi ni nzuri, mikono ya mafundi wetu naitambua. Ila zidaka zimewekwa sebuleni mbele, zinamkabili kila anayeingia na mizigo yake, na ndani yake mna mishumaa na kadi za bei za safari za mashua. Umbo ni lilelile, pengine limenyooka kuliko la kale. Maana imepinduliwa. Kilichokuwa cha mwisho kuonekana sasa ndicho cha kwanza.

Siwezi kumlaumu fundi. Oda za namna hiyo ndizo zinazomlisha, na bila yeye kulishwa hakuna mwanafunzi atakayeshika patasi. Nyumba nyingi za kale zingekuwa magofu leo kama hakukutokea mtu mwenye pesa za kuzitengeneza, na matengenezo yake si rahisi: ukipaka saruji juu ya ukuta wa matumbawe unyevu hukosa pa kutokea, ukuta ukaliwa kutoka ndani. Inatakiwa chokaa, na mtu anayeijua chokaa. Hata hivyo, mtaa ukijaa nyumba zenye nakshi safi na watu wake wamehamia kwenye bati, hapo utambulisho wa nani unaoneshwa? UNESCO iliuandika mji wa kale katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na ni jambo la fahari. Lakini hadhi hiyo ina mpaka wake ardhini. Nyumba ya binamu iko nje ya mpaka, na huko nje ndiko wanakokulia watoto wengi wa mji huu.

Mfano unaonipa moyo ni wa chombo, si wa nyumba. Septemba 2018 Lamu ilishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa, zaidi ya tani 10, likavikwa champali (kandambili) zipatazo 30,000 za kuokotwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Wako wanaosema lile ni bango linaloelea, kwamba hakuna mvuvi atakayelitia nyavu, na hoja yao ina uzito. Lakini tazama lilivyoundwa. Fundi mkuu, Ali Skanda, na wenzake walitia mkuku, uti wa chini wa chombo, wakasimamisha mataruma, mbavu zake, wakafunga mbao za plastiki juu yake kama zinavyofungwa za mti. Kilichobadilika ni mali ghafi. Mpango wa kazi, jicho linalopima mkunjo wa ubavu, vimebaki vya mafundi wa Lamu.

Kwa hiyo mimi naegemea hapa: tukiwa na shilingi moja ya kuhifadhi, iende kwa mwanafunzi wa fundi kabla ya kwenda kwenye sura ya jengo. Najua gharama ya kusema hivyo. Sura ikibomolewa hairudi, na ami atanikumbusha hilo kila tutakapokutana. Lakini fundi akifa bila mrithi, hata sura iliyobaki hatutaweza kuitengeneza.

Baada ya wiki kadhaa binamu alikwenda kwa fundi wa nakshi aliyekuwa jirani ya marehemu baba yake. Hakuagiza mlango. Aliomba achorewe tu jina la baba na mwaka wa Hijria, ili mchomeleaji avikate kwenye bamba la juu ya mlango. Mzee yule alichora kwa chaki, akafuta, akachora tena, halafu akafuatana na bamba hadi kwa mchomeleaji, mwanafunzi wake nyuma amebeba kipimo. Nilikuwapo. Moto ulipozimwa, herufi ya mwisho, nuni, ilikuwa imetoka nene upande mmoja. Mzee aliomba tupa, akachutama, akaanza kuikwangua mwenyewe taratibu. Kisha akampa kijana tupa, mzee mwenyewe akakaa pembeni amtazame.